Ghala ya Mbata

Kamati imenitaka beti za sifa, zenye vina,
zisomwe Ijumaa, mwaka wa tatu tangu afe Bwana Msellem Hilali.
Nimejaribu. Kina cha kati kikanisukuma niseme "karimu"
kabla sijataja mikono ya mama.
Basi pokeeni hivi hivi, bila mizani.

Mizani niijuayo mie ni ile ya langoni kiwandani,
iliyokula ratili mbili katika kila gunia
la mkulima wa Pandani, na mkulima akashukuru.

Mama, Bi Mize Shaame, alikata miche ya sabuni
miaka kumi na minane.
Magadi yakamlamba alama za vidole.
Siku ya kuandikisha kitambulisho karani alimtazama:
"Bibi, mbona huna kidole?"
Anavyo kumi.

Yeye Bwana alikuwa na muhuri wa chuma, M.H.
Aliupiga kwenye sabuni, kwenye magunia,
kwenye madawati aliyoipa skuli ya Limbani,
kwenye tangi la maji la Selemu,
na baadaye, Mungu amsamehe, kwenye migongo ya fidla.

Fidla zilikujaje?
Usiku mmoja alikwenda kumfuma mlinzi amelala.
Akamkuta Khatibu Faki macho, juu ya marobota,
na fidla ya bati la samli, nyuzi za mshipi,
anapiga kitu kisicho jina.
Bwana alisimama nyuma ya magunia mpaka adhana ya alfajiri.
Kulipokucha akamkata nusu ya ujira, kwa kutolinda.
Mwezi wa pili yake meli ikashusha kasha kutoka Misri:
fidla sita, udi mbili, na kanuni moja
ambayo Wete nzima haikujua
ni ya kuwekwa pajani au mezani.

Sababu hasa siijui.
Wapo wasemao kodi.
Wapo wasemao moyo wake ulishaanza kuruka mapigo.

Ghala ya pili ikatolewa mbata, harufu ikabaki.
Nilikuwa na miaka tisa. Mama alinipeleka mwenyewe,
kanga yake inanuka mvuke wa tanuri, akasema:
"Nenda kavitumie vidole. Vyangu vishaliwa."

Bwana akija saa kumi, viatu mkononi,
akikaa kwenye gunia, si kwenye kiti tulichomwekea.
Hakujua bayati wala rasti,
lakini tukikosea alikunja uso kama aliyeonja sabuni.
Siku moja alizuia king'ora cha zamu kisilie
mpaka tumalize wimbo.
Wafanyakazi walichelewa kutoka robo saa nzima,
na robo saa ile haikulipwa.
Mama alikuwamo.
Usiku akaniuliza, "Ilikuwa nzuri?"
Nikasema ndiyo.
Ilikuwa nzuri. Chakula hakikunipita.

Kisha akaanza kuuza viunga vyake vya minazi.
Kimoja kikawa wodi ya wazazi.
Kimoja kikampeleka mtoto wa Riziki India, akapasuliwa moyo,
sasa ana watoto wake.
Kimoja kilikwenda kwenye nyuzi tu,
maana nyuzi za kanuni hukatika, na hewa yetu ina chumvi.
Mwisho alibakiwa na nyumba ya Bopwe na deni la umeme.
Ile mizani hakuitaja, hata kwa toba.
Ila asubuhi moja tulikuta imeng'olewa,
na tope kwenye kanzu yake.

Khatibu Faki alikuwa miongoni mwa waliomwosha.
Sabuni iliyopatikana duka la karibu ilikuwa yake, ina muhuri.
Anasema herufi zilikwisha
kabla hawajafika miguuni.

Haya, someni hayo, au msisome.
Ijumaa nitapiga, hilo nimekubali.
Nitakaa kwenye gunia.
Na kile kiti alichokikataa
kiwekeni mbele,
kwani mama atakuja.